Sinema za Zamani, Mfululizo wa Mtandaoni au Tamthilia ya Runinga: Jioni Yako Uipe Nani?

Ukikaa kwa kinyozi Kondele, Kisumu, au ukisubiri matatu ijae pale stendi ya Kakamega, hukawii kulisikia lalamiko hili: siku hizi hakuna muvi, kuna kelele tu. Anayelalamika hutaja filamu tatu nne za miaka ya 80 na 90 alizozitazama mpaka kanda ikachakaa, kisha huzilinganisha na mfululizo aliouanza juzi akalala kabla ya kipindi cha pili. Kijana wa kiti cha pembeni humjibu kwamba hizo za zamani zinakwenda kama mkokoteni wa soko la Kibuye uliobeba mawe. Ubishi hauishi kwa kuwa kila mmoja ana ukweli wake mkononi. Lakini mtu aliyefika nyumbani saa mbili usiku, mwenye saa mbili za kutazama na bando la gigabaiti moja, hahitaji hukumu juu ya karne nzima ya sinema. Anataka kujua leo aweke nini.

Kwanza kuna kasoro kwenye ushahidi wenyewe. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2013 ilikuta kwamba kati ya filamu ndefu za kimya karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la awali. BBC ya Uingereza nayo ilifuta kanda nyingi za miaka ya 60 na 70 ili izirekodie upya. Nyingine zilipotea kwa moto na uzembe, lakini zile zinazoendelea kurudiwa kwenye runinga na kunakiliwa kutoka flashi hadi flashi ni zile watu walizozipenda. Za jana zimetufikia zikiwa zimepepetwa. Za leo tunazila na makapi yake.

Hata hivyo mlalamikaji hajakosea kabisa. Mwaka 2009 Marekani ilitoa mifululizo ya kuigizwa ipatayo 210. Mwaka 2022 idadi ilifika 599, kabla ya kushuka hadi 516 mwaka 2023. Waandishi wazuri hawakuongezeka karibu mara tatu katika muda huo. Kwa upande wa filamu, mauzo ya DVD yaliyokuwa yakiirudishia filamu ya wastani pesa zake baada ya kutoka ukumbini yaliporomoka, na kampuni zikahamia kwenye majina yaliyokwisha kuuzika. Kati ya filamu 10 zilizoingiza pesa nyingi zaidi duniani mwaka 2024, 9 zilikuwa za kuendeleza au kutangulia hadithi iliyokuwapo. Kwa maoni yetu, ufundi wa picha umepanda, subira ya kusimulia imeshuka, na iliyopungua kuliko zote ni filamu ya katikati: ile ya watu wanne, nyumba mbili na ugomvi mmoja wa maana.

Mizani

Kila chaguo hapa chini tumelipima kwa mambo matano: hadithi inavyosukwa, picha na sauti zinavyofika kwenye seti ya kawaida ya inchi 32, gharama, ya pesa na ya data, muda inaoudai, na nani anaweza kuketi sebuleni kuitazama bila mtu kukohoa kwa aibu. La muda ndilo husahaulika, nalo ndilo huharibu jioni nyingi.

Sinema za zamani

Tunamaanisha zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 2000, pamoja na vichekesho vya KBC vya enzi hizo.

*Hadithi.* Hapa ndipo zinapobeba mzigo mzito. Filamu ya dakika 90 hadi 120 ilijua kwamba aliyekata tiketi hatarudi wiki ijayo, kwa hiyo ilibidi ianze, ipande na imalizike palepale. Vioja Mahakamani na Vitimbi vilifuata kanuni hiyohiyo kwa kipimo kidogo: kesi inafunguliwa, inachekesha, inafungwa. Unaweza kuingia kwenye kipindi chochote bila kumuuliza mtu "huyu ni nani?"

Mwendo ndio kikwazo kwa mtazamaji wa leo. Watafiti waliopima filamu za Marekani wamekuta kwamba shoti moja, yaani muda kati ya mkato na mkato, ilikuwa na wastani wa sekunde 12 hivi katika miaka ya 1930, na sasa iko chini ya sekunde 4. Jicho lililozoea mkato wa haraka huona uzembe pale ambapo kuna mpangilio tu. Dawa yake ni dakika 30 za kwanza simu ikiwa chumba kingine. Ikifika dakika ya 30 na hujali lolote litakalompata yeyote, zima bila kujilaumu. Hata zamani kulikuwa na takataka.

Kuna sehemu moja ambapo za zamani zinashindwa waziwazi: namna zilivyotuonyesha sisi. Katika filamu nyingi za Hollywood zilizowekwa Afrika, Mwafrika ni mbeba mizigo au mpiga ngoma wa nyuma. Pale aliposimama mbele, mara nyingi ilikuwa kama jitu la kutisha. Joseph Olita wa Siaya alimwigiza Idi Amin katika filamu ya 1981 iliyopigwa hapa Kenya, na uso wake ukajulikana dunia nzima. Miaka kumi baadaye, katika filamu nyingine, aliitwa amwigize Amin yuleyule. Kipaji kilikuwapo, nafasi ndizo zilizokuwa finyu.

*Picha na sauti.* Watu huogopa picha mbovu, lakini filamu iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 35 ina maelezo ya kutosha kuskaniwa upya kwa 4K. Nakala rasmi iliyosafishwa inaweza kupendeza kuliko uliyoiona mwaka 1992. Vipindi vya runinga vilivyorekodiwa kwa kanda ya video ni mambo mengine: mistari 576 ndiyo hiyohiyo, hakuna sabuni itakayoongeza mmoja.

Kosa linalofanywa nyumba kwa nyumba ni kuivuta picha ya mraba ijaze skrini pana. Nyuso hunenepa, magurudumu huwa mayai. Tafuta kwenye rimoti kitufe cha umbo la picha, weka 4:3 au "Original", na uiache michirizi myeusi pembeni ikae. Kwa upande wa sauti, hizi ndizo rahisi kuliko zote. Zilichanganywa kwa spika moja au mbili, maongezi yakiwa mbele, kwa hiyo hata spika nyembamba za runinga ya kisasa huzimudu.

*Gharama na upatikanaji.* Filamu ya dakika 90 kwa ubora wa 480p huwa kati ya MB 500 na 700. Data si tatizo. Tatizo ni kuipata. Huduma za kulipia hupenda vipya, na mikataba ya filamu za zamani huisha zikatoweka katikati ya mwezi. Ndiyo maana huku kwetu nyingi husafiri kwa flashi. Ijulikane kwamba umri hauifanyi filamu kuwa mali ya wote: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda kazi ya picha na sauti kwa miaka 50, kwa hiyo ya 1990 ina mwenyewe bado. Kama unayo nakala halali kwenye flashi na runinga inakataa kuisoma, makosa huwa ni haya:

– Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ipange upya kwa exFAT au NTFS, ukikumbuka kwamba kupanga upya hufuta kila kilichomo.
– Picha inaonekana, sauti hakuna: faili lina sauti ya aina ya DTS ambayo runinga nyingi hazina leseni nayo. Tafuta nakala yenye sauti ya AAC.
– Sauti ipo, skrini nyeusi: faili limebanwa kwa mfumo mpya wa H.265 na runinga ilitengenezwa kabla yake. Ya H.264 itakubali.
– Manukuu hayatokei: faili la .srt lazima liwe na jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, na likae kwenye folda moja nayo.

*Waliopo sebuleni.* Usidhani kuukuu ni salama. Filamu za mapigano za miaka ya 80 zina damu ya kutosha, na vichekesho vingine vina matani juu ya wanawake ambayo mtoto atayarudia shuleni. Angalia alama ya umri, au itazame peke yako kwanza.

*Humfaa* mwenye jioni moja tu, asiyependa deni la vipindi. Mwenye runinga ndogo isiyo na spika za ziada. Na anayesomea uandishi au uigizaji, maana mifupa ya hadithi huonekana vizuri pasipo mapambo. Pia wale wanaopenda filamu za kutafsiriwa: DJ Afro na wenzake hutumia hasa za mapigano, na kwa haki, nusu ya raha hapo ni ya msimulizi.

Mfululizo na filamu mpya za mtandaoni

*Hadithi.* Msimu wa kawaida wa runinga ya Marekani ulikuwa na vipindi 22 hadi 24, ukiandikwa huku unaonyeshwa. Mhusika akichosha, alihamishwa, akipendwa, aliongezewa. Msimu wa mtandaoni una vipindi 8 hadi 10 vinavyokamilika kabla mtazamaji yeyote hajaviona. Kasoro ikiwemo, imo mpaka mwisho. Na kwa kuwa nyingi ni wazo la filamu ya saa mbili lililovutwa lifike saa nane, kiuno hulegea: vipindi vya 3 hadi 6 watu huzunguka, siri inayojulikana na mtazamaji inafichwa kwa wahusika, kisha kila kitu hukimbizwa katika viwili vya mwisho.

Kuna sababu ya kazini pia. Waandishi wa Marekani walisusia kazi kwa siku 148 mwaka 2023, na kati ya malalamiko yao ilikuwa vyumba vidogo vya uandishi: watu wachache, wiki chache, kisha mwandishi anaachishwa kabla kamera haijawashwa. Mwandishi mchanga asiyefika mahali pa kupigia picha hajui sentensi ipi humtoka mwigizaji na ipi humkwama. Athari zake unazisikia. Jipimie: mhusika akimtaja ndugu yake kwa jina, akamkumbusha kwamba ni ndugu, na kumweleza wanakokwenda, vyote katika sentensi moja, ujue imeandikwa kwa ajili ya mtu anayetazama huku anachezea simu.

Lakini chaguo hili ndilo lenye kilele kirefu zaidi. Mfululizo ulioshikwa vizuri hukaa na mtu mmoja kwa saa nane, ukamwonyesha anavyoharibika polepole. Filamu ya saa mbili haina nafasi hiyo. Na mlango wa dunia umefunguka. Tamthilia za Korea kwa kawaida huwa na vipindi 16 na mwisho wa kweli, bila msimu wa pili. Kenya nayo imeingia: Country Queen ya 2022 ndiyo mfululizo wa kwanza wa Kenya kutolewa na Netflix kama wake. Na sinema ya sasa, pamoja na dhambi zake, ndiyo iliyompa Lupita Nyong'o, binti wa gavana wa Kisumu, Oscar ya mwaka 2014 kwa nafasi yenye uzito wa binadamu kamili.

*Picha na sauti.* Nusu ya wanaosema filamu zimeharibika wanalaumu, bila kujua, runinga zao. Hapa tutakaa kidogo.

Kwa nini ni giza? Rangi hupangwa katika chumba cheusi, kwenye skrini ya bei ya gari, mara nyingi kwa mwanga wa HDR, yaani wenye tofauti kubwa kati ya angavu na giza. Runinga ya bei nafuu huupokea mpangilio huo lakini haina mwanga wa kutosha kuuonyesha, kisha intaneti ikipungua nguvu programu hubana picha na sehemu nyeusi hugeuka mabaka. Fanya hivi kwa mpangilio: toa hali ya picha kwenye "Vivid" uweke "Movie" au "Cinema", zima kiokoa umeme kinachofifisha skrini, zima kilainishi cha mwendo, ambacho LG hukiita TruMotion, Sony Motionflow, na Samsung Auto Motion Plus. Kilainishi hicho ndicho hufanya filamu ya mamilioni ionekane kama video ya harusi. Kisha zima taa inayoakisi kwenye kioo. Balbu ndogo nyuma ya runinga haiudhi jicho.

Kwa nini maongezi hayasikiki? Kwanza, uigizaji umebadilika: wa zamani walitamka kama walio jukwaani, wa sasa hunong'ona wakitegemea kinasa sauti cha kifuani. Pili, sauti huchanganywa kwa spika sita au zaidi, maongezi yakipewa ya katikati. Runinga yenye spika mbili zinazotazama chini hukunja zote pamoja, na mlipuko humeza sentensi. Tatu, viwango vinatofautiana: Netflix hutaka maongezi yawe wastani wa -27 LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, wakati YouTube hucheza karibu na -14. Tofauti ya desibeli 13 hivi inatosha kukufanya upandishe sauti kutoka 20 hadi 45 kisha ukaamsha ploti nzima ulipohamia video ya wimbo.

Ndani ya programu, fungua sehemu ya sauti na manukuu. Kama kuna 5.1, yaani ya spika sita, na ya kawaida, chagua ya kawaida. Kwenye runinga tafuta hali ya maongezi, mara nyingi "Clear Voice" au "Speech". Kama una wufa, punguza besi mpaka theluthi, ongeza trebo, na uitoe pembeni pa ukuta, maana kona huongeza besi bila kuulizwa. Ikishindikana, washa manukuu. Si aibu, hata wenye Kiingereza chao huyawasha.

*Gharama.* Kwa takwimu za Netflix yenyewe, ubora wa kawaida hula karibu GB 0.7 kwa saa, HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Kwenye simu, hali ya kubana data hutoa karibu saa 6 kwa GB 1. Chukua msimu wa vipindi 8 vya dakika 50: ni saa 6 na dakika 40. Kwa simu iliyobanwa utatumia kama GB 1.1, kwa kawaida GB 4.7, kwa HD GB 20. Waifai ya mtaani inayogawanywa na milango kumi huonyesha kasi nzuri saa nne asubuhi na kufa saa mbili usiku. HD ya 1080p inataka Mbps 5 za uhakika. Njia ya busara ni kupakua usiku wa manane au ukiwa chuoni, kisha kutazama bila intaneti. Ukumbuke kwamba vilivyopakuliwa vina tarehe ya kuisha, vingine saa 48 tangu ubonyeze kucheza.

*Muda.* Hapa ndipo penye mtego. Msimu wa 4 wa Stranger Things ulitoka 2022 na wa 5 ukaja mwishoni mwa 2025. Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza wa nne ukitoka alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne wa tano ulipotua. Kabla hujaanza chochote, uliza mawili: umekwisha? na kama haukwisha, msimu wa kwanza una mwisho wa kuridhisha? Mifululizo mingi hukatwa baada ya msimu mmoja, ikakuachia mtu ananing'inia dirishani.

*Waliopo sebuleni.* Kila anayetazama apewe wasifu wake, wa watoto ufungwe kwa umri na wa wakubwa kwa namba ya siri. Bila hivyo, mashine itachanganya vibonzo na mauaji. Alama za Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ni GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Huduma za kigeni zina alama zao, zilinganishe.

*Humfaa* anayetazama peke yake au na mwenzi, mwenye intaneti ya kutegemewa, na asiyekereka kuacha kitu katikati.

Tamthilia za kila siku za runinga

*Hadithi.* Hizi hudharauliwa bila kueleweka. Kipindi cha nusu saa mara tano kwa wiki ni vipindi 260 kwa mwaka. Ukitoa matangazo, zaidi ya saa 90 za kuigiza. Hakuna msimu wa vipindi 8 unaofanya kazi ya namna hiyo. Ndiyo maana wahusika hukaa sebule moja na mlango mmoja, na habari hurudiwa mara tatu. Ukikosa Jumanne na Jumatano, Alhamisi utamkuta mtu bado amesimama pale mlangoni. Kurudia huko kunamchosha anayekaza macho, lakini kumetengenezwa kwa ajili ya aliye jikoni akisonga ugali na kufuata kwa sikio. Nasaba yake ni mchezo wa redio.

Za Uturuki zina kisa chake. Kwao kipindi kimoja huzidi saa mbili. Zinapouzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi, kwa hiyo kipindi chako kinakatika katikati ya ugomvi kwa kuwa mwandishi hakukusudia kiishie hapo. Na ukisikia ina vipindi 150, huenda kwao ni 50.

Za nyumbani zina kitu ambacho pesa za Hollywood hazinunui: lugha. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alipoingia kama Papa Shirandula kwenye kichekesho cha runinga cha jina hilo, mtu wa Butere au Busia hakuhitaji manukuu. Lafudhi peke yake ilikuwa nusu ya kichekesho. Kanuni za utangazaji huzitaka stesheni zitoe angalau asilimia 40 ya vipindi vya nchini, na ingawa wingi si ubora, waigizaji na mafundi wa kamera hupata mahali pa kufanyia mazoezi.

*Picha na sauti.* Picha huwa angavu, taa zimewashwa kila kona, maongezi yako mbele. Seti yoyote inatosha. Kutiwa sauti ya Kiswahili ndiko hutofautiana: sikiliza dakika tano, na kama watu watatu wana sauti moja, hamia kwingine.

*Gharama.* Tangu mitambo ya analogi izimwe mwaka 2015 unahitaji king'amuzi au runinga yenye kipokezi cha dijitali cha DVB-T2 ndani, na antena. Basi. Runinga ya wati 50 ikiwashwa saa mbili kila jioni hula kama yuniti 3 za tokeni kwa mwezi. Mvua za alasiri za Kakamega na Kisii huvuruga dishi la setilaiti. Antena ya kawaida huvumilia, ila stima ikipotea wote mko sawa. Antena iwekwe nje, juu ya bati na si chini yake, na waya usiungwe kwa selotepu, maana maji yakiingia kwenye kiungo picha huanza kuganda.

*Muda.* Hainunui jioni yako mara moja. Hukopa nusu saa kila siku kwa mwaka mzima.

*Waliopo sebuleni.* Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku stesheni haziruhusiwi kurusha mambo ya watu wazima. Ndilo chaguo salama kuliko yote penye nyanya, shemeji na wajukuu pamoja.

Uchague nini

Una jioni moja na bando dogo: filamu ya zamani iliyokwisha kupakuliwa, au filamu mpya moja kwa ubora wa kawaida. Usianze mfululizo. GB 1 itakufikisha kipindi cha pili, mahali pabaya pa kuachwa.

Nyumba ina watu sita wa rika tofauti, Nyalenda au Free Area ni mamoja: tamthilia mpaka saa tatu, wadogo wakilala ndipo wakubwa wafungue chao. Ugomvi wa rimoti kwa kawaida ni ugomvi wa saa, si wa ladha.

Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Maseno au Masinde Muliro mwenye waifai ya chuo na simu ya inchi 6: mifululizo mifupi iliyokwisha, ikipakuliwa chuoni. Kwenye skrini hiyo epuka za giza, chagua za maongezi, na vaa visikizi. Nusu ya malalamiko ya sauti huishia hapo.

Mzee anayesema hakuna muvi siku hizi asipewe orodha ya zinazovuma. Mpe ya Kikorea yenye vipindi 16 kama anapenda kisa cha familia, au filamu moja ya Kenya ya miaka ya karibuni isiyozidi dakika 100, baada ya kuiondoa runinga yake kwenye "Vivid". Kijana anayedharau za zamani naye asianzishiwe na drama ya saa tatu. Aanzie na ya kusisimua ya dakika 90, simu ikiwa kwenye chaji jikoni.

Na aliyekwisha kuanza mfululizo wa misimu mitano, yuko wa pili, na hajui kama aendelee: atazame kipindi cha kwanza cha msimu wa tatu. Kikimfanya atake kujua yaliyopita katikati, arudi. Kisipomfanya, amejiokolea saa kumi.